Je, mafunzo ya ngoma yanaweza kumsaidia mtoto aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga?

Mama wa Langoni (Lamu)

Assalaam aleykum. Nina binti wa miaka 7 ambaye alizaliwa akitanguliza makalio. Kwa kuwa ndiye mtoto wangu wa kwanza, sikutambua uzito wa jambo nililokuwa nikiliona kila nilipombadilisha nepi, kwamba paja la kushoto halikufunguka kama la kulia. Niliuliza katika zahanati moja nikajibiwa kwamba litanyooka akikua. Alipoanza kutembea akiwa na mwaka mmoja na nusu alikuwa akidemadema, na picha ya eksirei ikaonyesha kwamba kichwa cha mfupa wa paja kilikuwa nje ya kikombe chake. Alipasuliwa Mombasa, akakaa ndani ya plasta iliyoanzia kifuani hadi kwenye vifundo vya miguu, na tangu hapo nyonga imetulia mahali pake.

Kilichobaki ni mwendo. Kila anapokanyaga kwa mguu wa kushoto, kiwiliwili chake hulalia upande huo. Amepewa zoezi la kulala ubavu na kuinua mguu, na kila jioni ni kilio, mpaka majirani wanatuuliza kuna nini.

Juzi harusini, shangazi yake alimpa pembe ya vugo na kijiti cha kuigongea, akamweka katika safu ya kina mama. Alihamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine kwa muda mrefu bila kulalamika. Nilikuwa nimemfunga leso kiunoni, na nilipoutazama upindo wake niliona kwamba haukuyumba kama unavyoyumba anapotembea nyumbani. Je, ngoma inaweza kuwa sehemu ya tiba yake, au ni mimi ninayejipa matumaini? Baba yake hana pingamizi, ila hapendi mtoto acheze hadharani.

Mfiziotherapia (Malindi)

Wa aleykum salaam, mama. Ulichokiona si ndoto, na kipimo chako cha upindo wa leso ni kizuri kuliko maelezo mengi ninayoletewa.

Mtu anaposimama kwa mguu mmoja, misuli iliyo ubavuni mwa nyonga ya mguu huo ndiyo inayozuia fupanyonga lisiporomoke upande wa pili. Misuli hiyo ikiwa dhaifu, kama inavyokuwa baada ya nyonga kukaa nje ya kikombe na kisha kufungwa ndani ya plasta, upande wa mguu ulioinuliwa hushuka, na mtoto hujiokoa kwa kuulaza mwili juu ya mguu aliousimamia. Daktari wa Ujerumani aitwaye Friedrich Trendelenburg aliieleza hali hii mwaka 1895, na hadi leo tunaipima vilevile: mtoto asimame kwa mguu mmoja huku tukilitazama fupanyonga lake kwa sekunde 30.

Ngoma ya taratibu humfanya mtoto arudie kitendo hicho mara mamia: ahamie mguu mmoja, atulie, ahamie wa pili. Mdundo nao husaidia, kwa sababu humpa wakati maalumu wa kukanyaga, na mwendo uliokuwa wa kusitasita hupata mpangilio. Huko Marekani, mtafiti Citlali López-Ortiz amekuwa akiwafundisha baleti watoto wenye mtindio wa ubongo. Hata hivyo ugonjwa huo si wa binti yako, kwa hiyo usiyachukue ya kule ukayapachika hapa.

Nina masharti mawili. La kwanza, daktari aliyempasua aitazame picha ya karibuni na aseme ni miondoko gani inayoruhusiwa, hasa kuruka na kuchuchumaa sana. La pili, ngoma isiliondoe zoezi la kulala ubavu. Mtoto anayecheza hupata njia ya kuukwepa msuli dhaifu bila mtu kutambua, ilhali akilala ubavu na kusimamiwa vizuri hana pa kukwepea. Mpunguzie idadi, umhesabie kwa kugonga pembe ileile ya vugo. Na akilalamika maumivu, hata kama anaonyesha goti, kumbuka kwamba maumivu ya nyonga kwa watoto hujitokeza mara nyingi gotini.

Bi wa Mkomani (Lamu)

Mwanangu, zamani mtoto wa namna hii alikandwa kwa mafuta ya nazi ya uvuguvugu na mguu ukavutwa kidogo kidogo hadi ukakaa sawa. Mbona hamulitaji hilo?

Mfiziotherapia (Malindi)

Shikamoo, bibi. Kumkanda kwa mafuta ya nazi kunalegeza misuli na mtoto hufurahi, sina neno. Kuvuta mguu ndiko ninakokukataza kabisa, kwa sababu mfupa uliopasuliwa haurekebishwi kwa mkono, na mishipa inayopeleka damu kwenye kichwa cha paja ni myembamba na huumia kwa urahisi. Katika jambo jingine, lakini, wazee mlitutangulia: mtoto mchanga aliyebebwa mgongoni kwa leso huku mapaja yamefunguka hukaa katika mkao unaoifaa nyonga, kinyume na yule anayeviringishwa huku miguu imenyooshwa na kubanwa pamoja.

Baba wa mvulana wa miaka 10 (Shela)

Mwanangu ana mtindio wa ubongo, hutembea kwa ncha za vidole na magoti yake hugongana. Yeye hucheza goma pamoja na ami zake uani. Faida ya goma ni kwamba wanaume husimama katika mstari na kusogea polepole mno, na kila mmoja ana fimbo yake, kwa hiyo hakuna anayemwona mtoto kuwa mlemavu kwa sababu ya kushika fimbo. Visigino vyake hugusa chini anapocheza, jambo ambalo sijalipata kwa maneno ya kumkumbusha mchana kutwa. Kirumbizi, ngoma ya kupigana kwa fimbo, tulimkataza, kwani kurukaruka na kukwepa mapigo humkaza miguu hata zaidi.

Ninaomba kuongeza kwamba kwa watoto wa hali hii, takriban mmoja kati ya watatu nyonga yake husogea kutoka mahali pake, mara nyingine bila maumivu. Goma haliondoi haja ya eksirei.

Mwalimu wa ngoma (Malindi)

Nimefundisha watoto wa namna hii wawili watatu, na sianzi na mtoto bila barua ya daktari. Mwanzele wa Kigiriama ninaupenda, lakini kayamba zikikolea mwendo huwa wa haraka kwa mtoto wako. Chakacha nayo ina kasi yake, ila mzungusho wa kiuno unaweza kufundishwa bila ngoma za msondo wala vumi, mtoto akiwa ameshika mgongo wa kiti na nyayo zikibaki chini. Ningeanza na lelemama: safu moja, mikono ndiyo yenye kazi kubwa, miguu inahama kidogo tu. Hili pia linamfaa baba yake, kwa kuwa ni ngoma ya kina mama na inaweza kuchezwa ndani ya nyumba.

Kosa ninalolikemea zaidi ni kumlazimisha mtoto kuzielekeza nje nyayo zake ili apendeze. Nyayo zikigeuka kuliko nyonga inavyoruhusu, goti ndilo linalosokotwa.

Mama wa Langoni (Lamu)

Ahsanteni nyote. Nitaomba barua tutakapokwenda kliniki, na shangazi yake amekubali kuja jioni pamoja na binti zake wawili ili wapate safu. Swali moja limebaki: nitajuaje kwamba muda umetosha?

Mfiziotherapia (Malindi)

Mfunge leso kama ulivyomfunga harusini, upindo ukiwa sawa pande zote, kisha ukae nyuma yake. Pengine itakuwa dakika tano, pengine kumi na tano. Upindo ukianza kuyumba kama anapotembea, msuli umechoka. Mketishe, hata kama yeye bado anataka kucheza.