Mjadala: Diski ya zamani ya seva ya nyumbani irudi kazini, iuzwe, au ipigwe nyundo?

Mtoa mada, Njiro

Wakuu, salamu. Jambo hili limetugawa nyumbani, nalileta kwenu.

Nina seva ya kuhifadhia mafaili. Usiwaze mtambo wa benki: ni kompyuta ya mezani ya mtumba, nimeiwekea diski mbili za TB 4, moja ikibeba nakala ya mwenzake. Humo mna picha za harusi za wateja za miaka sita, skani za hati za shamba la mzee, na katuni za watoto. Mfumo wenyewe ulikuwa unawakia kwenye SSD, ile diski ya chipu isiyo na sahani inayozunguka, ya GB 120. Mwezi jana nikafunga mpya, ya zamani ikabaki mezani. Nimeisoma kwa SMART, taarifa ambazo diski hujitolea kuhusu afya yake: imewaka saa 31,000, kama miaka mitatu na nusu hivi, na imeandikwa TB 27 kati ya TB 40 alizoahidi mtengenezaji kwamba itastahimili kuandikwa maishani mwake.

Mimi nataka irudi kwenye seva ileile ifanye kazi nyingine. Mdogo wangu anasema niiuze mjini, hela ya mafuta ya pikipiki hiyo. Shemeji, ambaye kazi yake ni utunzaji wa kumbukumbu ofisini, anasema niivunje na nisijadili. Na hili si langu peke yangu. Tangu Microsoft ilipoacha kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, maofisi yanaachana na kompyuta za zamani. Zile diski zao ziende wapi?

Fundi, Kaloleni

Kuvunja SSD nzima ni kuchoma hela, mkuu. Irudishe. Ila chagua kazi. Usiipe kitu ambacho ikifa usiku utalia asubuhi. Iweke programu ndogondogo za seva, faili za muda, au video za kamera za getini zinazojifuta kila wiki. Kitu kimoja tu nakukataza: kama unatumia ZFS, ule mfumo wa kuunganisha diski na kupanga mafaili, usiiunge iwe sehemu ya kutunzia taarifa za mafaili, ile wanayoiita "special". Ikifa hiyo moja, bwawa zima, yaani diski zote zilizounganishwa, limekwenda na harusi zote. Ukiifanya akiba ya kuharakisha usomaji, ikifa hupotezi kitu, lakini nayo inakula RAM. Kwa seva ya nyumbani yenye RAM ya GB 8, ongeza RAM kwanza.

Mlinda hesabu, Sakina

Fundi, hapo kwenye kamera umemponza. Piga hesabu. Kamera moja ikirekodi kwa megabiti 4 kwa sekunde inaandika kama GB 43 kwa siku. Kamera nne ni GB 172. SSD yake imebakiwa na TB 13 za ahadi. Gawanya: siku 75. Najua SSD nyingi huvuka ile ahadi bila kufa, ila hutakiwi kuanza na mzee aliyebakiza miezi miwili na nusu ya pensheni. Kamera zipewe diski ya sahani, hata ya mtumba.

Na SMART msiiabudu. Watafiti wa Google mwaka 2007 walichapisha matokeo ya diski zao zaidi ya laki moja. Zilikuwa za sahani, si SSD, lakini sikilizeni: zaidi ya asilimia 36 ya zilizokufa hazikuwa zimeonyesha dalili yoyote kwenye SMART, ukiacha joto. Diski inakuambia "sijambo" huku inafunga mizigo.

Shemeji mwenyewe

Nimeonyeshwa uzi huu, basi nijibu. Nyie mnazungumzia uzima wa diski, mimi nazungumzia kilichomo.

Mwaka 2003 watafiti wawili wa Marekani walichapisha matokeo ya diski 158 za mtumba walizonunua. 129 zilikuwa bado zinafanya kazi. Zilizosafishwa sawasawa zilikuwa 12 tu. Humo walikuta namba za kadi za benki zaidi ya 5,000. Hapa kwetu, mimi mwenyewe niliwahi kununua kompyuta ya mtumba mjini nikakuta orodha ya mishahara ya ofisi moja, majina na namba za akaunti. Mmojawapo namfahamu. Nilikutana naye kanisani wiki hiyo nikashindwa kumtazama.

Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inatumika tangu 1 Mei 2023. Shemeji yangu anashika sura za watu, namba zao za simu, pengine na anwani. Akiuza diski hovyo, asije kuniuliza mimi.

Fundi, Kaloleni

Dada, kwa heshima, picha hazikuwahi kukaa kwenye hiyo diski. Ilikuwa ya kuwashia tu.

Shemeji mwenyewe

Picha hazikukaa, funguo zilikaa. Majina ya watumiaji, nywila hata kama zimesagwa zisisomeke moja kwa moja, ufunguo wa kuingilia seva kwa mbali, na ule wa kupeleka nakala mtandaoni. Mwizi akiokota ufunguo wa nyumba hahitaji kuokota na kabati.

Mtoa mada, Njiro

Hapo nimekaa kimya kidogo. Sikuwa nimelifikiria.

Niwape na aibu yangu basi. Jumanne usiku niliichomeka ya zamani bila kuifuta, nikawasha. Seva ikaamka vizuri, ila watumiaji wapya hawapo na folda mbili hazionekani. Mama watoto ananiuliza picha za kipaimara zimeenda wapi, mimi jasho. Nilikaa nusu saa nzima kabla ya kugundua kwamba BIOS, ile programu inayoamsha kompyuta, imeipenda diski ya zamani na kuuamsha mfumo wa mwezi jana. Nilikuwa karibu nianze "kurekebisha".

Fundi, Kaloleni

Wengi wanakwama hapo hapo. Chomoa ile ya zamani, ifutie kwenye mashine nyingine kabisa. Na kuformati kwa haraka si kufuta: ni kung'oa kibao cha majina mlangoni, wapangaji bado wamo ndani. ZFS kwanza inaandika lebo nne, mbili mwanzoni mwa diski na mbili mwishoni. Ukifuta mwanzo tu, kesho inakuibukia tena na jina lake la zamani.

Kwa SSD tumia amri yake yenyewe ya kujifuta, ile ya "secure erase". Kuiandika sifuri juu mpaka chini hakutoshi, kwa sababu inajiwekea nafasi ya ziada ambayo kompyuta haiioni. Halafu badilisha nywila na funguo zote. Hapo namkubalia dada.

Na wa nyundo, nawaomba mfungue kasha kwanza. Nilifungua moja ya GB 120 wiki iliyopita: ndani bodi ni fupi, haifiki hata nusu ya kasha, chipu zimebanana upande wa tundu la SATA, la kuchomekea waya. Mtu angetoboa katikati angetoboa hewa, kisha akatupa data nzima jalalani akiwa na amani.

Mwalimu, Rau, Moshi

Naomba niingie. Mnabishania kuvunja kitu ambacho sisi tunakitafuta. Maabara yetu ina kompyuta kumi na moja zenye diski za sahani. Kipindi ni dakika 40, na nane zinapita tunasubiri ziamke. Moja tuliifunga SSD ya mtumba ya GB 120, sasa wanafunzi wanaigombania kama kiti cha dirishani. Sisi hatuhitaji ikae miaka kumi, wala hatuweki humo kitu cha kulilia. Kazi za wanafunzi zinakaa kwenye flashi. Zikija zimefutwa na mtu anayejua, leteni.

Shemeji mwenyewe

Mwalimu, sina ugomvi na wewe. Ugomvi wangu ni neno "zimefutwa". Nani ameshuhudia? Ofisini kwetu anayefuta anaandika namba ya diski, tarehe, njia aliyotumia, na anasaini. Bila karatasi hiyo, kwangu haijafutwa.

Mtoa mada, Njiro

Karatasi tutaandika, shemeji, na wewe utasaini kama shahidi. Nimebadili mawazo kuhusu kuirudisha kwenye seva. Kwa TB 13 zilizobaki, kuwasha kompyuta ya darasa ndiyo saizi yake. Mwalimu, nipe Jumamosi.

Mwalimu, Rau, Moshi

Nashukuru sana. Swali moja: ni ya inchi 2.5 au ile nyembamba ya M.2? Mashine zetu hazina tundu la M.2.

Mtoa mada, Njiro

Ya inchi 2.5, ya SATA. Njoo na waya wa data, wangu umebaki mmoja na umelegea kichwa.