Kundi la "Ukoo Mikindani": ile meli iliyoyeyuka

Shangazi Somoe: Asalaam aleykum wanangu. Tazameni hii klipu. 1943 Wamarekani walipoteza meli nzima bandarini Philadelphia, ikaibukia Norfolk, mabaharia wengine wameganda ndani ya chuma! 😳 Msije mkasema sikuwaambia

Hamisi Bandarini: Waaleykum salaam, shikamoo shangazi. Hiyo ni USS Eldridge. Ya zamani hiyo

Shangazi Somoe: Marahaba. Kumbe unaijua! Basi kweli

Mjomba Seleman: Njomba Hamisi usianze ubishi na wakubwa

Hamisi Bandarini: Siyo ubishi njomba. Tuulize nani kaisimulia. Mtu mmoja tu, Carl Allen, akijiita Carlos Allende. Miaka ya 1950 alimwandikia barua Morris Jessup, mwandishi wa mambo ya visahani vya angani, kwamba aliiona meli ikiyeyuka yeye akiwa kwenye meli nyingine, Andrew Furuseth

Mwanaidi: Shahidi wa pili?

Hamisi Bandarini: Hola. Sasa sikieni. Ofisi ya utafiti ya Jeshi la Majini la Marekani ililetewa kwa posta kitabu cha Jessup, pembeni mwa kurasa kumejaa maandishi ya wino wa rangi tatu. Eti watu watatu wanajibizana siri za viumbe wa angani, mmoja anaitwa Jemi. 1957 wakamwita Jessup. Kuona mwandiko tu, akasema ni wa yule yule wa barua

Mwanaidi: Yaani kafungua kundi, kajiunga mwenyewe kwa laini tatu 😂😂

Mjomba Seleman: Wa hivyo hata Mikindani tunaye, jina kapuni

Shangazi Somoe: Serikali ilimficha huyo!

Hamisi Bandarini: Wapi, alikuwa anahamahama tu. Robert Goerman wa New Kensington, Pennsylvania, alimchimba, akakuta mzee jirani yake ndiye baba yake Carl! Ndugu zake wakasema jamaa ana akili nyingi, ila anapenda kuwazuga watu. Makala ikatoka 1980. Na 1969 Carl alishakiri kwamba katunga, halafu akaruka

Shangazi Somoe: Mbona picha ya meli ipo?

Hamisi Bandarini: Meli ilikuwepo, 1951 ikaenda kwa Wagiriki. 1999 mabaharia wake walikutana Atlantic City, wakasema haikuwahi kutia nanga Philadelphia. Kilichokuwa kinafichwa kwenye meli za vita ni usumaku. Unazungushia meli nyaya nene, unapitisha umeme, bomu la sumaku lililotegwa baharini halihisi kitu. Kwa macho unaiona kama kawaida

Mjomba Seleman: Hapo umenena

Shangazi Somoe: Haya msomi. Na huyo Carl yuko wapi?

Hamisi Bandarini: Alifia Colorado 1994. Uongo wake ndio uko kwenye simu yako

Mwanaidi: Shangazi, klipu hujaituma kundi la vikoba lakini?

Shangazi Somoe: Tangu alfajiri. Washaanza kuniuliza Norfolk ni wapi