Tupeane uzoefu: mradi uliokwama kati ya mchoro na karakana

Ndugu wanachama, katika kikao chetu kilichopita kundi moja la wanafunzi lilileta kifaa kikiwa kimevunjika vipande viwili, na nusu saa iliyofuata ilitufaa kuliko mawasilisho yote ya waliofanikiwa. Kwa hiyo naomba tusimuliane miradi iliyokwama, hasa pale ambapo mchoro ulipita bila pingamizi lakini kitu chenyewe kikagoma. Naanza na wangu.

Nikiwa mwaka wa pili tulijenga daraja la fito nyembamba za mbao zilizoshikwa kwa gundi, lenye urefu wa sentimita 80. Tulilipima kwa kuning'iniza ndoo katikati na kuitia mchanga kidogo kidogo, na kila lilipovunjika tuliongeza fito upande wa chini, kwa kuwa ndiko ndoo ilikokuwa. Kikaoni, mhandisi mmoja mstaafu alituomba tulipakie mbele yake, akachuchumaa hadi macho yake yakalingana na fito za juu, kisha akatuita tutazame. Mbao hazijalia hata kidogo, lakini fito moja ya juu ilikuwa tayari inapinda kuelekea pembeni, taratibu, kama upinde unaovutwa. Mbao yenyewe haikuwa dhaifu. Ilikuwa ndefu mno kwa unene wake, nayo mzigo ulikuwa unaibana mwisho kwa mwisho kama nguzo. Leonhard Euler alionyesha katika karne ya 18 kwamba mzigo unaotosha kupindisha nguzo nyembamba hupungua kwa kadiri ya mraba wa urefu wake, na hivyo nguzo ileile ikizuiwa katikati isisogee pembeni, mzigo huo huongezeka mara 4. Tuling'oa fito nne tulizoziongeza chini, tukazifanya vishikizo vya pembeni kule juu, na ndoo ikajaa bila daraja kuongezeka uzito.

— Mchangiaji wa pili:

Mimi nilikuwa katika kundi la roboti inayofuata mstari mweusi sakafuni. Tulipoiinua mezani magurudumu yakizunguka hewani, haikuwa na dosari yoyote. Tulipoiweka chini, ilijisukuma sentimita chache, ikasimama, taa yake ndogo ya kijani ikazima na kuwaka, halafu ikaanza upya kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Tulikesha wiki mbili tukiipekua programu, ambayo kumbe haikuwa na kosa.

Aliyetuokoa ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ambaye, kwa utaratibu wetu wa zamani wa kuwapa wakubwa nafasi kwanza, asingefikiwa kabla ya muda kwisha. Aliuliza kwa nini taa inazima. Sisi tuliiona ikizima kila siku na hatukuwahi kujiuliza. Tulipoweka mita ya mshale kwenye nyaya za betri, mshale ulianguka kila mara mota zilipoanza kusukuma uzito. Mota inapoondoka kutoka kusimama huvuta mkondo mkubwa mara nyingi kuliko ikiwa mwendoni, betri dogo likalemewa, na ubongo wa roboti ukikosa volti za kutosha hujizima na kujiwasha. Hewani magurudumu yalikuwa matupu, yakashika kasi mara moja, ndiyo maana mezani hatukuliona tatizo. Tuliupa ubongo betri lake peke yake, tukasahau kuunganisha nyaya hasi za betri hizo mbili, na jioni nyingine nzima ikapotea. (Hili la pili sikulitaja kikaoni.)

— Mchangiaji wa tatu:

La kwangu ni fupi. Tulichora kishikizo cha mota chenye upana wa inchi 2, tukakituma kwenye printa ya pande tatu, ambayo faili lake hubeba namba tupu bila kipimo. Printa ilisoma milimita 2. Tulikitafuta kwa vidole juu ya sahani ya printa. Chombo cha Marekani kilichotumwa kwenye sayari ya Mirihi kilipotea mwaka 1999 kwa kuchanganya vipimo vya namna hiyohiyo, kwa hiyo mwenyekiti alitucheka kwa kiasi.

— Mchangiaji wa nne:

Nimekuwa katibu wa vikao kwa muda, na kwa maoni yangu hesabu si adui mkubwa wa wanafunzi. Adui ni badiliko dogo linalofanyika karakanani bila kuandikwa. Kila mwaka huwa nawachorea ubaoni njia za watu kupita zilizoning'inizwa juu ya ukumbi wa hoteli moja ya Kansas City, Marekani, zilizoanguka tarehe 17 Julai 1981 na kuua watu 114. Mchoro wa awali ulikuwa na vyuma virefu vilivyoshuka kutoka darini, vikishika njia ya juu na ya chini kwa pamoja. Ili kurahisisha ujenzi, kila chuma kikagawanywa viwili, njia ya chini ikaning'inizwa kwenye boriti za ile ya juu, na nati za juu zikajikuta zinabeba njia mbili badala ya moja. Hata muundo wa awali haukuwa na nguvu za kutosha, lakini badiliko hilo liliumaliza.

Sisi nasi yalitufika, bila madhara. Wanafunzi walileta winchi ya kumnyanyua mgonjwa kitandani, na mwanachama mmoja akataka kukaza boliti ya bawaba kuu. Mchoro ulisema milimita 8, naye akachukua spana namba 13. Spana ikazunguka bure. Aliyoiona pale ni boliti ya milimita 6, inayotaka spana namba 10, na chuma chake ni kama asilimia 56 tu ya ile iliyopigiwa hesabu. Hakuna aliyekumbuka ilibadilishwa lini.

Tangu siku hiyo tuna daftari lenye safu nne: tarehe, kilichobadilishwa, sababu, na aliyeidhinisha. Wanafunzi hawalipendi, nami nakiri kuwa safu ya sababu hujazwa mara nyingi kwa neno moja tu: "zilikwisha".