Mjadala: Kindi wa Arabuko-Sokoke ategwe au aachwe?

Hoja hii nawaletea hasa nyinyi mnaolima Gede, Mida na Kakuyuni, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya. Wapo wanaotaka mkulima anayepakana na msitu aruhusiwe kumtega kindi kama anavyotega panya. Mimi napinga kabisa.

Kindi wa msitu wetu ni yule mwenye tumbo na mkia mwekundu, anayeonekana hata kwenye magofu ya Gede. Hutoka mchana tu. Hulala katika pango la mti alilolitandika majani, na mara nyingi huzaa mtoto mmoja au wawili, kwa hivyo msimfananishe na panya. Akimwona nyoka hutikisa mkia na kupiga kelele mfululizo. Mwokota kuni anayezijua kelele hizo hutazama anapokanyaga. Anakula matunda, kokwa na wadudu kidogo. Kokwa zikimzidi, huzifukia moja moja huku na huku, na zile asizozirudia nyingine huota. Msitu unapandwa hivyo, bila kitalu wala mfadhili.

Wenzetu wa nyika kavu kuelekea Tsavo wanalia na kindi wa ardhini, anayeishi mashimoni na kufukua mbegu. Huyo ni mwingine. Tusimpe wetu kesi isiyo yake.

Halafu kuna mtego wenyewe. Kitanzi cha chini humnasa pia sange mwenye kiuno cha dhahabu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu aliye hatarini kutoweka ambaye makao yake makubwa duniani ni msitu huu huu. Nani atamrudisha?

Mnasemaje?

*Mama mkulima, Kakuyuni:*
Ndugu yangu, maneno mazuri, lakini embe langu linatobolewa kabla halijaiva, na korosho vilevile. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ina fidia ya mazao, lakini kindi hayumo kwenye orodha. Uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977. Basi mie nile nini? Nyinyi mnaompenda kindi mje mlinde shamba.

*Mleta hoja:*
Mama, hapo kwenye fidia sina la kukupinga. Msitu ni wa taifa zima, hasara inamwangukia aliye mpakani peke yake. Hiyo ni dhuluma, na tuipeleke kwa mwakilishi wa wadi na kwa mbunge, si kwa kindi. Kwa sasa, fyeka vichaka kati ya msitu na miembe na ukate matawi yanayogusana, maana kindi wa mtini haoni raha kuvuka uwanja mtupu. Embe lichume likikomaa, liivie ndani.

*Kijana wa Mida:*
Mie naungana na mama kuhusu fidia, na mitego naikataa. Ila nauliza: kima wanaoharibu zaidi mbona hatuwataji?

*Mleta hoja:*
Tuwataje. Anza wewe, ndugu, wanaingia shambani saa ngapi na mmejaribu nini?