Kofia ya jino: serikalini au praiveti? Tupeane uzoefu

Mama_Wawili_Bombo
Wapendwa nisaidieni kabla ya Jumatatu. Wiki jana jioni natafuna mberenge (mahindi makavu ya kukaanga) na watoto nikasikia kaa! kwenye gego la chini kushoto, nikatema mkononi nikaona kitu cheupe nikadhani ni punje kumbe ni jino langu, upande wote wa shavuni umeondoka. Hilo gego lilizibwa zamani kwa ile dawa ya kijivu. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi nikawa kwenye foleni ya hospitali ya serikali, musawo (daktari) alinipokea vizuri, siwezi kumlaumu, akaniambia mama hili jino bado linaokoleka, lisafishwe mizizi kisha livalishwe kofia, yaani kifuniko kigumu cha kufunika jino lote, lakini hapa kofia hatutengenezi, ninachoweza kukufanyia leo bila pesa ni kung'oa. Nikamwambia ngoja kwanza. Nikaenda praiveti Kampala wakaniandikia kwenye karatasi: kusafisha mizizi laki tatu, kofia ya posileni, ile nyeupe, laki saba. Milioni nzima na shule zinafungua! Baba watoto anasema ng'oa tu, si una mengine. Mliopitia hapa mlifanyaje?

Nyanya_wa_Wobulenzi
Using'oe mwanangu. Mimi niling'oa moja, la jirani yake likalala kwenye pengo, la juu likashuka, sasa natafuna upande mmoja.

Kijana_wa_Arua_Park
Ng'oa. Laki kumi ni mtaji wa duka.

Mwalimu_Mstaafu_Mbale
Binti yangu, usikimbilie praiveti kwa sababu tu wana viti vya ngozi na maji ya kunywa. Mimi kofia yangu nilivalishwa kwenye kliniki ya chuo, pale wanafunzi wa udaktari wa meno wanapofundishwa, mwaka wa tisa huu bado inatafuna muwogo. Nililipa pesa kidogo sana. Ila uwe na muda, nilienda mara sita, kila hatua mwanafunzi anamwita mwalimu wake aje aangalie, mara wanarudia kipimo, mdomo wazi saa mbili mpaka taya linachoka. Lakini kazi iliyokaguliwa na watu wawili huioni praiveti. Watu wanasahau kwamba tangu 2001 hospitali za serikali zilifuta malipo, matibabu ni haki yetu.

Kijana_wa_Arua_Park
Mwalimu shikamoo lakini hapo umeniudhi. Bure ya 2001 ni bure ya nini kwa upande wa meno? Ni bure ya kung'oa. Mama yangu ana meno manne yamebaki juu, mengine yote yametolewa bure. Mtu maskini akiumwa jino anang'olewa, mwenye pesa anavalishwa kofia, halafu tunasema ni haki.

Mwalimu_Mstaafu_Mbale
Kijana, marahaba. Sikusema mfumo umekamilika. Nimesema kuna mlango wa katikati ambao watu hawaujui. Na hospitali kubwa nyingi zina upande wa kulipia, bei yake inaweza kuwa chini ya praiveti. Aulize kabla ya kuuza mbuzi.

Mke_wa_Afande
Sisi familia za wanajeshi tunatibiwa hospitali ya jeshi, mimi nilizibwa mawili vizuri. Kofia sijui kama wanafanya.

Dereva_Malaba_Juba
Huu uzi umenigusa pabaya. Naomba msome mpaka mwisho ndugu zangu.

Mimi nilienda praiveti, kliniki yenye jina, sitaitaja. Gego la chini kulia lilikuwa linauma nikinywa chai halafu likaacha kuuma lenyewe, nikashukuru Mungu, sikujua kwamba jino likiacha kuuma lenyewe linaweza kuwa limekufa ndani. Yule daktari akaangalia kwa kioo tu, HAKUPIGA PICHA YA EKSREI, akasaga jino, akachukua kipimo kwa ile kitu kama ugali wa pinki, baada ya siku kumi nikavalishwa kofia nyeupe inang'aa, laki sita keshi. Nilikuwa najiangalia kwenye kioo cha lori.

Mwezi wa nne niko Elegu mpakani nasubiri kuvuka kwenda Juba, nakula nyama, kofia ikatoka nzima. Ilinuka jamani, ile harufu sijaisahau. Nikaiosha kwa maji ya chupa, turniboi (utingo) wangu akanunua supa gluu ya mia tano pale kwa vibanda, nikaibandika. Nimekosa, najua, msinitukane. Usiku wa pili uso ukavimba, uvimbe ukashuka chini ya kidevu ukawa mgumu kama ubao, mdomo haufunguki zaidi ya kidole kimoja, mate nashindwa kumeza, nikilala chali napumua kama mtu anayezama. Nilikaa wima kwenye kabini natema mate kwenye kopo la Blue Band, nikaandika kwenye simu namba ya mke wangu na wapi zilipo karatasi za kiwanja, nikampa turniboi.

Alinibeba kwa boda mpaka kituo cha serikali saa nane usiku. Kulikuwa na nesi mmoja na yule afisa wa meno, kijana mdogo, alikuwa amelala nyumba za wafanyakazi wakamwamsha, alikuja na kandambili. Aliponiona hakusema kitu, alivaa glavu. Akapasua chini ya taya, usaha ulitoka nusu ya bakuli la nesi. Dripu, sindano, akaita ambulensi, nikapelekwa hospitali kubwa, siku nne, jino likatolewa. Hawakuniomba hata shilingi. Daktari kule akanionyesha picha, mzizi chini yake una duara kubwa jeusi la jipu, akasema hili lilikuwepo kabla hujavalishwa kofia. Kwa hiyo laki sita yangu nilifunika kaburi.

Mimi kila nikipita pale kituoni nasimamisha lori nawapelekea soda.

Nyanya_wa_Wobulenzi
Yesu wangu. Mungu ambariki yule kijana wa kandambili.

Kijana_wa_Arua_Park
Pole sana kaka. Lakini kosa si gundi?

Dereva_Malaba_Juba
Nimeandika kofia ilitoka ikinuka. Usaha ulikuwa humo tayari. Soma tena.

Kijana_wa_Arua_Park
Nimesoma. Nisamehe.

Mke_wa_Afande
Jamani turudi kwa Mama Wawili ana Jumatatu. Mama, kwa sasa weka karafuu, suuza kwa maji ya chumvi.

Dada_wa_Leicester
Karafuu inatuliza tu, haitibu. Mimi niko Uingereza, wazazi walitoka Jinja 1972, na huku swali ni hilo hilo. NHS, huduma ya afya ya serikali ya huku, ilianza 1948 kila kitu bure, 1951 wakaanza kulipisha meno bandia, na leo kofia iko daraja la tatu la malipo, England kuanzia Aprili 2025 ilikuwa pauni 326.70. Lakini hiyo bei inabeba tiba nzima, kusafisha mizizi, kuziba, kofia, hata zikiwa kofia mbili kwa awamu moja bei haibadiliki. Ikiharibika ndani ya miezi 12 daktari yule yule anakutengenezea bila malipo. Tatizo ni kumpata daktari anayepokea wagonjwa wapya wa NHS, nilipiga simu wiki tatu. Gego la nyuma walinipa ya chuma, praiveti wakataka zaidi ya mara mbili kwa nyeupe. Nikachukua ya chuma, nani ananiangalia nyuma ya mdomo? Mama muulize wako kama bei ni ya jumla na kama ikitoka anairudisha bure.

Fundi_wa_Maabara_ya_Meno
Mimi ndiye ninayezitengeneza hizo kofia, Kampala. Maabara moja tunapokea vipimo vya kliniki za bei ghali na za bei nafuu, mfuko ule ule. Tofauti naiona nikimwaga plasta kwenye kipimo: daktari mzuri, ukingo wa jino unaonekana kama mstari wa kalamu. Anayelipua, ukingo umefunikwa na damu na mate, mimi nabaki nabahatisha. Nikirudisha wengine wananikasirikia ati mgonjwa anasafiri.

Mama Wawili, uliza mambo haya. Picha ya jino kabla na baada ya kusafisha mizizi, uione kwa macho yako. Muulize juu ya ufizi limebaki jino kiasi gani, zikipungua milimita mbili kuzunguka, kofia haina pa kushika, itatoka kama ya dereva. Siku ya kuvaa atakupa karatasi ya buluu uing'ate, sema ukweli kama inagusa kabla ya mengine, usione aibu kwa sababu ganzi imekuchosha. Na mwambie unataka ya CHUMA, gego la nyuma halihitaji posileni, chuma kinasagiwa kidogo na bei inashuka sana.

Kijana_wa_Arua_Park
Au asubiri bima ya afya ya taifa.

Mwalimu_Mstaafu_Mbale
Muswada Bunge lilipitisha 2021 na mpaka leo si sheria. Jino haliwezi kusubiri.

Mama_Wawili_Bombo
Nimesoma yote, ya dereva nimemsomea baba watoto kwa sauti, alinyamaza. Nimepiga simu ile kliniki, nimeuliza chuma, wamesema laki tatu na nusu, mara ya kwanza hata hawakuniambia kama ipo! Picha wanapiga. Kusafisha mizizi Jumatatu kwa pesa ya kikundi chetu cha akina mama, kofia nitavaa nikimaliza ada. Fundi, wamesema wataweka kofia ya muda, inaweza kukaa muda gani?

Fundi_wa_Maabara_ya_Meno
Wiki chache, si miezi. Usingoje muhula uishe, na upande huo usitafune kitu kigumu. Ikitoka usitupe, iweke kwenye kijichupa urudi nayo.

Dereva_Malaba_Juba
Na usiguse gundi.

Mpita_Njia_Kasese
Na jino la mbele je? Langu limevunjika kwa chupa ya soda, nina harusi mwezi ujao.