Mbwa anakuja Kampala Desemba kisha anarudi Ujerumani: karatasi za chanjo ya kichaa zipangweje?

Mkazi_Ntinda
Habari zenu wadau. Dada yangu anaishi Hamburg na anakuja nyumbani na mbwa wake. Anatua Entebbe 12 Desemba, anarudi Ujerumani 25 Januari. Mbwa ana miaka minne, ana chipu ya utambulisho chini ya ngozi na ile pasipoti ya buluu ya Ulaya. Chanjo ya kichaa imeandikwa humo kwamba mwisho wake ni 5 Januari. Kliniki yake imemwambia chanjo ipo, asafiri tu. Inatosha kweli? Na huku Uganda wanadai nini? Leo ni 2 Septemba, muda bado upo.

Dkt_Mifugo_Wakiso
Haitoshi. Kuingia Uganda si kazi kubwa, kazi ni kurudi.

Uganda haimo kwenye orodha ya nchi ambazo Umoja wa Ulaya unazilegezea masharti ya kichaa cha mbwa. Mbwa anayetoka huku lazima awe amepimwa kingamwili kwenye damu, majibu yasipungue 0.5 IU/ml, na maabara iwe imeidhinishwa na Umoja huo. Damu hutolewa si chini ya siku 30 baada ya chanjo. Kisha mbwa husubiri miezi mitatu tangu siku ya kutolewa damu. Si tangu siku ya majibu, wengi huchanganya hapo. Kwa hiyo akitolewa damu hapa Kampala 13 Desemba, Ulaya haingii kabla ya 13 Machi, na tiketi ya Januari imekwenda na maji.

Ila damu ikitolewa Ujerumani kabla hajaondoka, majibu yakawa mazuri na daktari wa huko akayaandika kwenye pasipoti, ile miezi mitatu inaondoka. Hiyo ndiyo nafuu ya mbwa mwenye pasipoti ya Ulaya, na ndiyo kliniki nyingi husahau kuitaja.

Halafu hiyo 5 Januari. Chanjo ikipitwa hata siku moja, itakayofuata inahesabiwa kuwa ya kwanza na kipimo cha damu kinaanguka nayo. Wala usitegemee daktari wa hapa agonge muhuri kwenye pasipoti ya Ulaya. Kurasa hizo hujazwa na madaktari walioruhusiwa wa kule. Achanjwe huko wiki hii au ijayo. Tuseme 8 Septemba: damu itolewe kuanzia 9 Oktoba, na majibu yawe ndani ya pasipoti kabla ya Desemba. Akiendelea kuchanjwa bila kuchelewa, kipimo hicho hakirudiwi tena maishani.

Mkazi_Ntinda
Asante sana daktari. Huyo wa kliniki anasema damu atatoa, lakini hajawahi kuituma kwa kazi ya safari. Aangalie nini?

Dkt_Mifugo_Wakiso
Kwanza asome chipu kwa mashine siku hiyohiyo ya kutoa damu, aandike tarakimu zote 15 kwenye fomu ya maabara. Asinakili kutoka kadi ya zamani. Tarakimu moja ikipinda, majibu ni ya mbwa mwingine. Chipu nayo huhama chini ya ngozi: isiposomeka kati ya mabega, apitishe mashine begani na ubavuni.

Damu iingie kichupa kisicho na dawa ya kuzuia kuganda. Ikishaganda izungushwe kwenye mashine, kinachotumwa ni seramu (yale maji ya damu yanayobaki juu) peke yake, mililita 1 hadi 2, ikiwa ya baridi. Seramu iliyogeuka nyekundu kwa sababu chembe zimepasuka inaweza kukataliwa, na hapo siku zinaliwa bure.

Kingine ni mpangilio wa tarehe: chipu, chanjo, damu. Chanjo iliyotangulia chipu Ulaya hawaihesabu kabisa, hata mbwa awe na kinga ya chuma. Afungue pasipoti aangalie tarehe ya chipu leo hii.

Wakala_Entebbe
Upande wa kuingia: kibali cha kuingiza mnyama kinaombwa wizara ya kilimo na mifugo (MAAIF), makao yao yako hapa Entebbe, ofisi ya kamishna wa afya ya wanyama. Kiwe mkononi KABLA mbwa hajapanda ndege, maana shirika la ndege nalo litakiuliza. Aje pia na cheti cha afya chenye sahihi na muhuri wa daktari wa serikali wa Ujerumani, maana cha kliniki binafsi pekee hakitoshi, pamoja na pasipoti yenye chanjo. Namba ya chipu kwenye kibali, cheti na pasipoti iwe moja. Mkaguzi wa mifugo uwanjani atasoma chipu na kulinganisha.

Wakati wa kuondoka, mrudi wizarani kuchukua cheti cha afya cha kusafirisha nje. Msingoje hadi Ijumaa jioni ya siku ya safari, tafadhali.

Akifika Ulaya, ukaguzi unafanyika uwanja wa kwanza wa Umoja huo. Akipitia Brussels au Amsterdam, ni hapo, si Hamburg. Aende mwenyewe kwa forodha, asipite mlango wa wasio na cha kutangaza. Karatasi zikiwa pungufu mbwa anarudishwa alikotoka au anawekwa karantini kwa gharama ya mwenyewe, na mambo yakishindikana kabisa sheria inaruhusu auawe. Ndiyo maana wale wa "nitakuchapia cheti Nasser Road", mtaa wa wachapaji Kampala unaojulikana kwa karatasi bandia, muwaogope.

Mtu_wa_Mbarara
Na mbwa aliyezaliwa hapa? Wangu alichanjwa kwenye kampeni ya bure ya Siku ya Kichaa cha Mbwa, 28 Septemba. Kadi ninayo.

Dkt_Mifugo_Wakiso
Ile chanjo inamkinga, na ni jambo jema, lakini kama hakuwa na chipu siku hiyo, kwa safari ya Ulaya haifai. Muweke chipu ya ISO, yaani ya kiwango cha kimataifa (inayosomeka kwa 134.2 kHz), achanjwe upya siku hiyohiyo baada ya chipu, na stika ya chupa ya chanjo yenye namba ya toleo ibandikwe kwenye cheti. Siku 30, damu, miezi mitatu. Hesabu miezi minne na ushee kabla ya tiketi. Cheti cha Ulaya cha daktari wa serikali kinafuata mwishoni: mbwa lazima aingie ndani ya siku 10 tangu kitolewe, kwa hiyo kukichukua mapema ni kukichoma.

Uingereza masharti ya damu ni yaleyale, na juu yake kuna dawa ya minyoo ya tegu, inayotolewa na daktari kati ya saa 24 na 120 kabla ya kuingia, saa iandikwe pia. Marekani ni habari nyingine, ulizia kwenye uzi wake.

Mkazi_Ntinda
Dada amefungua pasipoti sasa hivi. Chipu ni ya 2021, chanjo ya kwanza wiki mbili baadaye. Miadi ya chanjo mpya ni 8 Septemba.

Wakala_Entebbe
Basi piga picha ya ukurasa wa chipu, unitumie kwa ujumbe wa faragha pamoja na tarehe ya kutua. Ombi la kibali tutaliandaa majibu ya damu yakitoka.