Miche 300 imebaki 11, na sijui nampandia nani. Naombeni ushauri

MtuWaTanga:
Habari zenu wadau. Mimi ni wa Tanga, Mombasa nimekuja kikazi, nafanya mahesabu kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Huu mwaka wa tatu, nakaa Mikindani. Mwanzoni Jumamosi zangu zilikuwa za kulala na kupiga simu nyumbani. Kisha jirani akanichukua kwenye kikundi chao kinachopanda mikoko hori la Tudor, ule mkono wa bahari hapa Mombasa, na sasa tangu Jumatano naulizia maji yanapwa saa ngapi.

Mwezi uliopita tulikwenda kuangalia miche ya mwaka jana, ile ya mbele kwenye tope. Katika 300 nimekuta 11. Nilihesabu mara mbili, si ndiyo kazi yangu. Wenzangu wakacheka, wakasema tutapanda tena. Mimi chakula hakikupita. Nikampigia mke wangu, yuko Tanga, akaniuliza: "Paa la mama linavuja, wewe unalilia miti ya Wakenya?" Mpaka leo sijamjibu. Niache? Au najiita msaidizi wa watu kumbe natafuta wa kukaa naye tu?

mvuvi_kasa:
Pole kaka. Mikoko ina aina nyingi, na nina hakika nyinyi mlipanda ile iitwayo mkoko wenyewe. Mche wake waota ungali mtini, waokota, wachomeka topeni, basi, kila mtu aupenda. Lakini pale mbele panapopigwa na maji ni pa mlilana, aina nyingine. Mkoko hukaa nyuma yake, na mkandaa, aina ya tatu, nyuma zaidi. Hamkuuliza mtu?

MtuWaTanga:
Mkoko, ndiyo. Kuna mzee alitukataza. Tukaona anatukatisha tamaa.

mvuvi_kasa:
Haya.

pwani_moja:
Na hicho kikundi kina kibali? Mikoko yote ya Kenya ni msitu wa serikali tangu 1932. Piteni kwa chama cha jamii cha msitu cha hapo kwenu, wale wapajua pa kupanda na pa kuacha. Haya ya upweke sina ujuzi nayo.

bi_kisauni:
Mwanangu, mkeo asema kweli. Mamako mwezekee mwezi huu huu, usingoje mwisho wa mwaka. Ukishamaliza hilo ndipo tuzungumze.

Mimi nimekaa Jeddah miaka tisa, kazi za nyumba za watu. Ijumaa tulikuwa twakutana wanawake wa Pwani, Wakenya kwa Watanzania, twachangishana. Akifa mwenzetu twalipia asafirishwe kwao; aliyenyimwa mshahara twamtafutia nauli. Nilikuwa najiliwaza? Ndiyo, wallahi, pasingekuwa na Ijumaa ningerukwa na akili. Na maiti zilifika kwao. Sasa wataka nikwambie lipi kati ya hayo mawili ndilo la kweli?

Ila nakuuliza na wewe: hao unaopanda nao, umewahi kwenda kwao hata mara moja kunywa chai? Au wawajua kwa matope tu?

MtuWaTanga:
Bi mkubwa, umenipata. Watu 14, na nyumba niliyoingia ni moja, ya huyo jirani.

MtuWaTanga:
Narudi na taarifa. Bati nimeulizia, fundi wa Tanga anataka nusu kwanza, nimemtumia. Mke wangu kasema "afadhali", kwake hiyo ni sifa kubwa. Na yule mzee nimemfuata hadi kwake, nimemwomba radhi. Jumamosi maji yanapwa saa nne, atakuja. Kasema siku hiyo hatupandi kitu, tutatembea tu atuonyeshe.